Uzamili wa mipangomiji ughaibuni na utafiti wa uwandani Dodoma

Shahada ya uzamili ya mipangomiji inayoegemea kazi ya uwandani hutofautiana na ile inayoishia darasani kwa jambo moja kubwa: sehemu ya matokeo yako hutegemea watu usiowajua, ambao hawakuomba kutafitiwa na ambao wana shughuli zao za siku. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya Waafrika Mashariki wanaosoma au wanaokusudia kusoma Ulaya, hasa wale wanaofikiria kuja kukusanya takwimu za tasnifu hapa Dodoma, ambako ninafanya kazi ya mipangomiji na ambako kila kiangazi wanafunzi wa aina hiyo hupita maofisini wakitafuta ramani, barua au mtu wa kuwaelekeza. Wengi wao ni Watanzania, na huja wakiamini kwamba uraia na Kiswahili vitawapunguzia hatua. Kwa uzoefu wangu, vinapunguza gharama na woga, lakini havipunguzi hatua hata moja, na anayelielewa hilo kabla ya kukata tiketi hufanya utafiti bora kuliko anayeligundua akiwa ameshafika.

Anza na uchaguzi wa programu yenyewe, kwa kuwa kazi ya uwandani haifanani kutoka chuo kimoja hadi kingine. Development Planning Unit ya University College London, iliyoanzishwa mwaka 1954, hupeleka darasa zima uwandani kufanya kazi pamoja na vikundi vya wakazi, na imewahi kuwaleta wanafunzi wake Dar es Salaam. IHS ya Rotterdam, taasisi ya masomo ya miji iliyo chini ya Erasmus University, huendesha uzamili wa mwaka mmoja ambao wanafunzi wake wengi hukusanya takwimu za tasnifu katika miji ya kwao. ITC ya Enschede, kitivo cha Chuo Kikuu cha Twente nchini Uholanzi, hutilia mkazo ramani na picha za setilaiti. Programu ya SPRING ya TU Dortmund ni ya miaka miwili, mwaka wa kwanza ukisomwa Ujerumani na wa pili katika chuo mshirika, na Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam kimekuwa miongoni mwa washirika hao. Kwa mtu anayetaka kurudi kufanya kazi Afrika Mashariki, ningeipa uzito programu inayokuacha uwandani kwa miezi, kwa sababu katika juma moja wakazi hukupa majibu waliyozoea kuwapa wageni. Kabla ya kukubali nafasi, iandikie ofisi ya udahili uulize nani hulipia nauli na malazi ya uwandani, ni msimamizi yupi amewahi kusimamia utafiti katika ukanda wetu, na kamati ya maadili ya utafiti hukutana lini, kwani kwa uzamili wa mwaka mmoja kuchelewa kwa kamati hiyo kunaweza kula nusu ya muda wako wote wa kukusanya takwimu.

Viza huwasumbua wenzetu kuliko wanavyotarajia. Darasa linapokwenda nchi ya tatu, wenzako wenye pasipoti za Ulaya huenda wakaingia bila viza, ilhali wewe unatakiwa kuiomba ukiwa mbali na nyumbani huku pasipoti yako ikibaki ubalozini kwa majuma kadhaa; mwambie mratibu wa programu mapema, tangu muhula wa kwanza. Ujerumani, kibali cha ukaazi kwa kawaida hukoma mwenye nacho akikaa nje ya nchi hiyo zaidi ya miezi sita, isipokuwa kama ofisi ya uhamiaji imeridhia muda mrefu zaidi, kwa hiyo anayekuja kukaa Tanzania kwa mwaka mzima aipate ridhaa hiyo kwa maandishi kabla ya kuondoka. Uingereza, tangu Januari 2024, wanafunzi wengi wa uzamili wa kufundishwa (usio wa utafiti) hawawezi tena kuwaleta wenza na watoto wao kama wategemezi, jambo ambalo mwenye familia lazima alijadili nyumbani kabla ya kujaza fomu yoyote.

Kuhusu fedha nitasema machache. Ujerumani hudai mwanafunzi asiye na ufadhili aonyeshe uwezo wa kujikimu, kwa kawaida kwa akaunti maalumu yenye yuro 11,904 kwa mwaka, kiwango kilichoanza kutumika Septemba 2024. Ufadhili wa Chevening, wa serikali ya Uingereza, humtaka mnufaika arudi kwao kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Ufadhili wa aina yoyote unaoupata, usidhani unagharimia uwandani mpaka uone umeandikwa hivyo.

Sasa nije Dodoma. Kwa mwanafunzi wa mipangomiji, miji yenye historia ya namna hii ni michache. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa ulifanywa mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo kila mkazi anaifahamu kwa jina la CDA. Mpango Kabambe wa kwanza, yaani mpango mkuu wa ukuaji wa mji, ulioandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, ulitoka mwaka 1976, ukiwaza mji wa majengo ya chini unaofuata umbo la vilima, wenye vitongoji ambavyo watu hutembea kwa miguu na mabasi huwa na njia zake. Wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam kwa takriban miongo minne. Kisha mambo yakaja kwa kasi: CDA ilivunjwa mwaka 2017 na majukumu yake yakahamia halmashauri, Dodoma ikatangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, Mji wa Serikali ukaanza kujengwa Mtumba, na Mpango Kabambe mpya wa 2019 hadi 2039 ukaandaliwa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo sensa ya 2022 ilikuta watu 765,179.

Historia hiyo utaikuta mikononi mwa watu. Mkazi mmoja anaweza kukutolea kutoka mfuko uleule wa nailoni karatasi ya CDA iliyofifia, barua ya toleo (ya kugawiwa kiwanja) ya halmashauri, na hati ya mauziano iliyogongwa muhuri na mwenyekiti wa mtaa, zote zikihusu kipande kimoja cha ardhi. Mwanafunzi anayekuja na mada pana kama “athari za serikali kuhamia Dodoma” hawezi kuzifikia karatasi hizo. Anayekuja na swali kuhusu mtaa mmoja, kwa mfano urasimishaji wa umiliki wa ardhi katika makazi yasiyopangwa ya Chang’ombe au mashamba yanayogeuka viwanja upande wa Iyumbu, anaweza. Mara nyingi nawasihi wanafunzi wapunguze eneo lao la utafiti kwa nusu, kisha walipunguze tena.

Vibali ndiyo sehemu inayohitaji subira kubwa. Mwanafunzi aliyesajiliwa katika chuo cha nje, awe raia au la, aanzie Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, aulize kwa maandishi ni utaratibu upi unamhusu, tena aulize miezi kadhaa kabla ya safari. Tafuta pia mwenyeji wa kitaaluma hapa nchini: Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini ambacho nacho kiko hapa Dodoma, au Chuo Kikuu Ardhi. Mhadhiri wa hapa anayelifahamu eneo atakuokoa na maswali yasiyo na maana, na barua yake itasomwa kwa uzito kuliko ya chuo ambacho mtendaji wa kata hajawahi kukisikia. Baada ya hapo barua hushuka ngazi kwa ngazi, kutoka kwa Katibu Tawala wa Mkoa hadi wa Wilaya, kwa Mkurugenzi wa Jiji, kwa Mtendaji wa Kata, na hatimaye ofisi ya mtaa. Toa nakala za kutosha, maana kila ofisi hubaki na yake na kugonga muhuri kwenye ile unayoondoka nayo. Ofisi ya mtaa mara nyingi ni chumba kimoja chenye benchi nje, daftari la wageni mezani na muhuri ndani ya droo iliyofungwa, na mwenye ufunguo anaweza kuwa ameenda msibani. Usimpigie mkubwa wake simu. Rudi kesho.

Kalenda ya hapa haifuati kalenda ya chuo chako. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni Bunge la bajeti linaendelea, maofisa wa wizara hawana nafasi na nyumba za wageni hupanda bei. Mwisho wa Juni mwaka wa fedha unafungwa. Mwanzoni mwa Agosti maonyesho ya wakulima ya Nanenane huvuta watumishi kwenda Nzuguni. Ukitoa siku hizo, Julai na nusu ya pili ya Agosti ndiyo inayobaki kwa anayesoma uzamili wa mwaka mmoja, na huo ni wakati wa kiangazi. Mvua za Dodoma hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo anayetafiti mafuriko na mifereji atakuta makorongo ya mchanga mkavu ambamo watoto wanacheza mpira. Asikate tamaa: aombe kuonyeshwa alama ya maji ukutani, apime kimo chake kutoka sakafuni, aulize ni mwaka gani na nani alihama. Kuta hizo humwambia mengi ambayo ramani yake ya mwinuko haina.

Ukiingia mtaani utaambatana na mjumbe au mwenyekiti, na ni haki yao kujua unafanya nini. Lakini uwepo wao hubadilisha majibu, hasa palipowahi kuwa na mgogoro wa fidia. Mwanamke mmoja pembezoni mwa jiji, ambaye shamba lake la uwele lilikuwa limepimwa viwanja, alimwonyesha mwanafunzi bikoni, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, iliyozungukwa na mabua, akaeleza mipaka kwa ukamilifu, ila hakugusia malipo mpaka mjumbe alipokwenda kunywa maji kwa jirani. Panga mahojiano ya pili, ya faragha, na uyaombe wazi tangu mwanzo ili yasionekane ya kificho. Kumbuka pia kwamba mtu mwenye simu inayochukua viwianishi na ramani mkononi hudhaniwa kuwa mpimaji. Sema mara ya kwanza na mara ya pili kwamba huna kiwanja cha kugawa wala fidia ya kuandikisha, na usimruhusu msaidizi wako aahidi chochote kwa lengo la kupata ushirikiano.

Dodoso liandikwe kwa Kiswahili kwanza, kisha litafsiriwe kwa ajili ya msimamizi, kwa sababu swali lililozaliwa kwa Kiingereza hubaki na ugeni wake hata likitafsiriwa vizuri. Wazee wengi wa Kigogo watakujibu kwa Kiswahili cha heshima na kifupi. Mpate msaidizi anayezungumza Kigogo, umlipe ipasavyo, na umtaje katika tasnifu. Asubuhi unayompotezea mkulima uifidie kwa namna ambayo kamati yako ya maadili imeiridhia, na posho ya mjumbe iingie kwenye bajeti waziwazi.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na chuo chako cha Ulaya kina masharti yake. Hifadhi majina mbali na majibu, usipige picha ya hati ya mtu hata akikuruhusu kwa ukarimu, na usirushe droni bila kibali, hasa hapa Dodoma palipo na Ikulu, Bunge na Mji wa Serikali.

Ukishamaliza, andika muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili chepesi, pamoja na ramani moja inayosomeka, uupeleke ofisi ya mtaa ubandikwe kwenye ubao wa matangazo, na nakala nyingine uziwasilishe kwa halmashauri ya jiji, kwa mwenyeji wako na COSTECH. Wakazi wa mitaa kadhaa hapa wamehojiwa na watafiti wengi ambao hawakurudi kamwe, na anayekuja baada yao huvuna uchovu huo. Bajeti ya siku ya mrejesho iombwe pamoja na ya mahojiano, kwa kuwa baada ya tasnifu kukabidhiwa hakuna atakayekupa fedha hiyo. Kwa anayetaka kufanya kazi nyumbani, shahada ya nje itambuliwe kwanza na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kisha maombi ya usajili yaende kwenye Bodi ya Usajili wa Wataalamu wa Mipangomiji, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007; hivyo ondoka chuoni ukiwa na nakala rasmi za matokeo na maelezo ya kila somo, pamoja na barua ya msimamizi inayoeleza ulifanya nini uwandani na kwa muda gani.