Kwenda kujitolea Uganda: jinsi ya kutokuwa mzigo kwa shule na kituo cha afya

Boksi moja la glavu lina glavu 100, yaani jozi 50. Anayejitolea wodini akitumia jozi kumi kwa siku, boksi limekwisha siku ya tano. Wageni watatu wakikaa siku kumi za kazi wamemaliza maboksi sita. Vituo vya afya vya serikali Uganda hupelekewa dawa na vifaa na Bohari ya Taifa kila baada ya miezi miwili hivi, na vikiisha kabla ya hapo, mkunga ndiye anayebaki akimwomba mjamzito anunue glavu zake dukani. Kwa hiyo kabla hujafikiria utasaidia nini, piga hesabu ya utakavyotumia. Glavu, barakoa, sabuni, chakula, maji ya kunywa na nauli ya bodaboda viwe juu yako.

Kuomba nafasi

Anza miezi mitatu kabla. Andika barua kwa mwalimu mkuu au kwa mganga mfawidhi, ambaye Uganda wamezoea kumwita inchaji, na nakala iende kwa afisa elimu au mganga mkuu wa wilaya. Uliza mambo matatu tu: mna upungufu gani, wiki zipi zinawafaa, na nani atanisimamia. Swali la tatu ndilo zito. Usipotajiwa msimamizi, usisafiri, maana utafika na kila mtu atadhani mwingine ndiye anayekuangalia.

Jua pia unaomba kituo cha ngazi gani. Kituo cha ngazi ya pili hutibu wagonjwa wa nje. Cha tatu kina wodi ya uzazi na maabara. Cha nne kinatakiwa kuwa na daktari na chumba cha upasuaji. Muuguzi wa chumba cha upasuaji akienda ngazi ya pili atashinda akipanga kadi.

Leseni yako ya Dodoma au Nairobi haikuruhusu kugusa mgonjwa Uganda. Daktari huomba leseni ya muda kwa baraza la madaktari la huko, na muuguzi au mkunga kwa baraza lao. Mwanafunzi hutazama, na hufanya tu anachoruhusiwa akiwa na msimamizi pembeni.

Mpakani

Mkenya hupita Busia au Malaba kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania anayepitia Mutukula awe na pasipoti au hati ya dharura ya safari. Hakuna viza kwetu, lakini kusamehewa viza si kupewa ruhusa ya kazi. Hata kazi isiyo na mshahara huhitaji kibali cha Uhamiaji, na taasisi inayokualika ndiyo ikushughulikie. Chanjo ya homa ya manjano uchomwe siku kumi au zaidi kabla ya kuingia. Cheti chake hakiishi muda. Malaria ipo mwaka mzima, kwa hiyo beba chandarua na uzungumze na daktari kuhusu dawa ya kinga.

Siku ya kwanza

Ripoti kwa mwenyekiti wa LC1, kiongozi wa kijiji, kabla jirani hajamwambia kuna wageni. Kisha ofisini kwa mwenyeji, utie sahihi kitabu cha wageni.

Kiswahili chako kitasikika vizuri sokoni, mipakani na kwa watu wengi wa kaskazini. Buganda ni tofauti kidogo: wazee wengi wanakikumbuka kama lugha ya askari wa miaka ya Amin. Anza na salamu ya Kiganda, “Wasuze otya, ssebo” kwa mwanamume, “nnyabo” kwa mwanamke, ndipo uombe ruhusa ya kuendelea kwa Kiswahili. Mama akipiga magoti kukusalimu, usimnyanyue kwa mkono. Ni adabu yake. Itikia kwa utulivu, umalize salamu yote.

Saa za Kiganda zinahesabiwa kama zetu, ssaawa bbiri ni saa mbili asubuhi. Barua za ofisini, hata hivyo, huandikwa kwa Kiingereza na saa za Kizungu. Uliza mara mbili.

Wodini

Yeyote mwenye koti jeupe huitwa musawo, yaani mtabibu. Hapo ndipo hatari ilipo. Mama aliyetembea tangu alfajiri atakunyooshea daftari la shule, lile lile la mistari ambalo mtoto hulitumia darasani, kwa kuwa ndilo faili lake la matibabu: tarehe, homa, kipimo cha malaria, dawa alizopewa, vyote kwa mwandiko wa watu tofauti. Hajui kama wewe ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Mwambie wewe ni nani, kisha mpeleke kwa mhudumu. Usiandike chochote humo bila msimamizi.

Kila mgonjwa ana ndugu wa kumuuguza, anayepika, kufua na kulala chini ya kitanda. Mpishe. Ndiye anayejua mgonjwa amekula nini na amemeza dawa ngapi.

Picha za wagonjwa zisipigwe. Za watoto zinataka idhini ya mzazi, na Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019.

Shuleni

Muhula wa kwanza huanza Februari. Epuka Oktoba na Novemba, wakati shule zinaendesha mitihani ya taifa. Darasa la kwanza hadi la tatu mara nyingi hufundishwa kwa lugha ya eneo, kwa hiyo mgeni aombe la nne kwenda juu, na afuate mada aliyokuwa nayo mwalimu wiki hiyo. Sisi tuna kitu ambacho mgeni kutoka Ulaya hana: Kiswahili. Kimo katika mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020, na walimu wake hawatoshi. Andaa vipindi kumi vilivyoandikwa, mwalimu wa hapo abaki navyo.

Pipi za kurusha dirishani mwa gari huleta kusukumana, na mdogo ndiye huumia. Madaftari peleka ofisini, yakiwa yamehesabiwa kwa idadi ya wanafunzi wote. Yakipungua kumi tu, kuna kumi watakaolia.

Wanaotaka kuacha tangi la maji wasikilize hapa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita 50 za mraba, mvua ya milimita 20, ukiondoa yanayopotea, hupata kama lita 800. Tangi bila mifereji ya bati ni pambo tu, na fedha nyingi hukomea hapo. Kitako kijengwe kwa zege juu ya udongo ulioshindiliwa, la sivyo tangi litainama na kupasuka kwenye maungio ya koki. Kiwe juu kiasi cha jerikeni ya lita 20 kusimama wima chini ya koki.

Dawa za msaada zipitie Mamlaka ya Dawa, zikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Mashine iwe ya volti 240. Ya Marekani ya volti 120 huungua siku ya kwanza.

Vituo vya yatima tunashauri usivizuru. Wengi wa watoto hao wana ndugu walio hai, na kila mgeni anayewabeba kwa wiki moja kisha akaondoka ni mtu mwingine aliyewaacha. Fedha ambayo ungeipeleka huko ilipe karo ya mtoto anayekaa kwa bibi yake.

Kabla ya kuondoka

Siku mbili za mwisho ni za makabidhiano. Vilivyobaki viandikwe kwenye leja ya stoo, sahihi mbili. Acha ukurasa mmoja wa ulichofanya na ambacho hakikukamilika. Usimwahidi mtu karo wala simu; akikuomba, mwelekeze kwa mwalimu mkuu au inchaji, na umwambie hivyo mbele yao.