Somo: Kupanga mawasiliano na kumbukumbu za kikundi ili katibu akiondoka, kazi ibaki

Assalaam aleykum na habari za kazi, ndugu zangu. Somo hili nimeliandikia vikundi vya hapa Tanga: akina mama wa mwani kule Mkinga, vikundi vya akiba na mikopo vya Ngamiani, kamati za shule, timu za mpira za mtaani. Vingi vinaendeshwa kwenye kundi moja la WhatsApp, na humo kila kitu kimemiminwa pamoja: salamu za Ijumaa, rambirambi, risiti za benki, mihtasari, picha za harusi. Kutafuta humo uamuzi wa mwezi wa pili ni sawa na kutafuta pete iliyoangukia mchangani Raskazone maji yakishajaa. Halafu katibu anapata kazi Dodoma, anaondoka na simu yake, na kumbukumbu zote zinaondoka naye. Mji wetu unasifika kwa "waja leo waondoka leo". Viongozi wa vikundi nao ni hivyo hivyo, kwa hiyo kumbukumbu ziwe mali ya kikundi tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 1: Kaeni na karatasi kwanza

Andikeni mambo mnayowasiliana: mazungumzo, matangazo, maamuzi, hesabu. Kwa kila jambo semeni nani anaandika, nani anasoma, na linatunzwa wapi. Msikimbilie kupakua programu. Slack na Microsoft Teams zinafaa ofisi yenye kompyuta na intaneti ya kudumu, tena Slack ya bure inakuonyesha ujumbe wa siku 90 tu zilizopita. Kikundi ambacho watu wake wananunua bando la siku kinatosheka na WhatsApp na Google Drive, yaani kabati la mafaili la Google mtandaoni.

Hatua ya 2: Fungueni akaunti ya kikundi

Hapa ndipo penye uzito wote, msipapite haraka. Barua pepe iwe kwa jina la kikundi, si la katibu. Faili la Google Drive lina mwenye nalo, na mwenye nalo ni akaunti iliyolitengeneza. Katibu akitumia akaunti yake binafsi, siku akilifuta kabisa limefutika kwa wote.

Nenosiri walijue watu wawili, katibu na mwenyekiti. Washeni uthibitisho wa hatua mbili, yaani nenosiri peke yake lisitoshe kuingilia bali Google ihakikishe pia kwa simu, kisha chapisheni zile namba za akiba ambazo Google inawapa za kuingilia simu isipokuwepo, mzitie kwenye bahasha, mweka hazina aifungie pamoja na vitabu vya hesabu. Namba ya simu ya kurejeshea akaunti iwe ya laini inayobaki na kikundi. Kila kiongozi apige *106# kuhakikisha kuwa laini anayotumia imesajiliwa kwa kitambulisho chake, si cha shemeji.

Nafasi ya bure ni GB 15, na inagawanywa kati ya barua pepe, Drive na picha. Video za sherehe ndizo zinazoijaza, zitafutieni pengine. Pia ingieni humo mara kwa mara, maana akaunti isiyotumika kwa miaka 2 Google inaweza kuifuta pamoja na vyote vilivyomo.

Hatua ya 3: Folda chache, majina yanayoeleweka

Folda nne zinatosha: Katiba na usajili, Mihtasari, Hesabu, Barua. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, kwa mfano "2025-03-14 Muhtasari wa kamati", nayo yatajipanga yenyewe. Muhtasari uwe faili moja ambalo wote wanalifungua kwa kiungo, badala ya kutumiana nakala za "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho wa kweli". Mtu akiharibu kitu, historia ya matoleo itawarudisha yalivyokuwa.

Kuna ruhusa tatu: kuangalia, kutoa maoni, kuhariri. Wanachama wapeni kuangalia. Kuhariri kubaki kwa wawili watatu. Folda ya hesabu msiiachie kamwe "yeyote mwenye kiungo", kwa sababu kiungo kinaforwadiwa kwa sekunde moja.

Hatua ya 4: Makundi mawili ya WhatsApp

La kwanza ni la matangazo, ambapo maadmini peke yao ndio wanaotuma. La pili ni la mazungumzo, watu wapumue. Wekeni maadmini watatu kila kundi. Tangazo kubwa libandikeni juu. WhatsApp inakuruhusu kulibandika kwa saa 24, siku 7 au siku 30.

Kura za WhatsApp zinafaa kuchagulia siku ya kikao. Uchaguzi wa viongozi msiufanye humo: kila mwanachama anaona nani kampigia nani, na siri ya kura imekwisha.

Hatua ya 5: Uamuzi uandikwe

Dole gumba ishirini si akidi. Rudini kwenye katiba yenu mwone inasema nini juu ya kikao halali. Mnaweza kujadili kwenye simu wiki nzima, lakini uamuzi uingie kwenye muhtasari, na kesho yake kiungo cha muhtasari kiwekwe kwenye kundi la matangazo. Mkikutana kwa Zoom ya bure, kikao kinakatika dakika 40. Ajenda ziwe chache.

Hatua ya 6: Siri za watu

Kuna mtindo unaoniuma: orodha ya wadaiwa, majina na kiasi, inarushwa kwenye kundi ili waone haya walipe. Mama aliyekwama kwa sababu mwanawe amelazwa anasomwa na majirani, wakwe na watu wa kanisani. Wengine hawarudi tena kwenye kikundi, na deni linabaki palepale. Deni ni la kuzungumza na mdaiwa na mdhamini wake, faragha.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi lililokusanyiwa. Namba za NIDA, picha za vitambulisho na fomu za mikopo zisionekane kwenye kundi lolote. Anayeona ameonewa anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Picha za watoto kwenye ukurasa wa Facebook wa kikundi ziwekwe baada ya mzazi kukubali.

MASWALI YA WANACHAMA

Mweka hazina, Pangani: Nusu ya watu wetu wana vitochi. Si tunawatenga?
Jibu: Mnawatenga iwapo WhatsApp ndiyo njia pekee. Tangazo la kikao litoke pia kwa SMS na kwenye ubao. Na kila mwenye kitochi apewe jirani mwenye simu janja wa kumsomea muhtasari. Kwenye vikundi vya mwani hili ni rahisi, maana maji yakitoka wote mpo shambani pamoja.

Katibu mpya, Muheza: Shikamoo mwalimu. Katibu aliyepita ameondoka, mafaili yote yako kwenye akaunti yake. Nifanyeje?
Jibu: Marahaba mwanangu. Mpigie kwa heshima, usianze na vitisho. Mwombe ahamishie umiliki wa kila faili kwenye akaunti ya kikundi. Nyinyi mtaletewa ombi la kukubali. Akiona kazi, ayapakue na kuwatumia. Wakati huo huo, aliye bado kwenye kundi la zamani ahamishe mazungumzo kwenye faili la maandishi ili mpate angalau tarehe na makubaliano.

Mwanakamati, Makorora: Kuna mzee wetu anaforwadi video usiku kucha. Tukimkataza itaonekana tumemkosea adabu.
Jibu: Msimsahihishe mbele ya watu. Mzee mwenzake amwendee nyumbani, kwa chai. Kundi la mazungumzo lipo kwa ajili ya salamu na dua zake pia. Kubalianeni tu saa za kulala.

Kijana wa timu, Chumbageni: Kwa nini si Telegram? Mgeni anaweza kuona ya nyuma.
Jibu: Ni kweli, kundi linaweza kupangwa hivyo, na linabeba mafaili makubwa. Kama timu nzima iko huko, itumieni. Fahamuni tu kwamba makundi yake hayana ule usimbaji wa WhatsApp, yaani kufunga ujumbe kwa siri, unaoizuia hata kampuni yenyewe kusoma.

Mwenyekiti, Pongwe: Katibu wetu kaibiwa simu stendi ya Kange. Tuanzie wapi?
Jibu: Muda huu huu, admini mwingine aitoe namba yake kwenye makundi. Katibu aifunge laini kwa mtandao wake, kisha kwa simu nyingine aingie kwenye akaunti ya kikundi, akiondoe kile kifaa na kubadili nenosiri. Akipata laini yenye namba ileile, aifungue WhatsApp upya na kuweka PIN ya tarakimu sita. Waambieni wanachama wote kwa SMS: ujumbe wowote wa kuomba pesa kutoka namba ile wasiujibu, na mweka hazina asitume hata shilingi mpaka aonane na katibu ana kwa ana.