Parachichi Huoza Ghalani, Lakini Chule Huanzia Shambani

Mkulima anayevuna parachichi gumu lisilo na doa, kisha akalikuta siku chache baadaye lina mabaka meusi yaliyobonyea, kwa kawaida hulaumu ghala au gari lililobeba mzigo. Mara nyingi lawama hiyo si ya haki. Ugonjwa huo ni chule, na kuvu anayeusababisha, Colletotrichum gloeosporioides, aliingia kwenye ganda tunda likiwa bado changa, matone ya mvua yaliporusha mbegu zake kutoka kwenye vijiti vikavu na majani yaliyokufa.

Kuvu huyu hutulia kwa miezi kadhaa kwa sababu silaha yake kuu haifai katika tunda bichi. Silaha hiyo ni kimeng'enya kiitwacho pektati liasi, ambacho hukata pektini, yaani ile gundi inayoshikamanisha seli za tunda, nacho huhitaji kalsiamu na mahali pasipo na asidi nyingi. Ganda la parachichi bichi huwa na pH (kipimo cha asidi, ambacho hupanda asidi inapopungua) ya karibu 5.2, na linapoiva hupanda kufikia karibu 6.3. pH inapokaribia 6, kuvu huanza kumwaga kimeng'enya hicho kwa wingi. Hangoji tu, kwani hutoa pia amonia inayopunguza asidi pale alipojificha. Wakati huohuo kemikali za asili zinazolilinda ganda bichi dhidi ya kuvu hupungua, na ndiyo maana tunda huoza ghafla.

Kwa hiyo dawa inayopuliziwa baada ya mabaka kuonekana ni gharama ya bure. Pogoa vijiti vikavu na kufungua matawi ili upepo ukaushe majani, ondoa matunda yaliyokaukia mtini, kisha puliza dawa ya kopa (yenye madini ya shaba) tangu matunda yanapoanza kushika, ukirudia msimu wa mvua kwa kufuata maelekezo ya lebo. Wenye Fuerte waongeze uangalifu, kwa kuwa aina hiyo hushambuliwa zaidi kuliko Hass.

Wakati wa kuvuna, kata kikonyo kwa mkasi, usivune matunda yakiwa yamelowa, wala usiyatupe kwenye kreti. Yapeleke kwenye ubaridi mapema, kwa kuwa kuchelewesha kuiva ni kumchelewesha kuvu, na usiyahifadhi pamoja na ndizi zinazoiva, ambazo hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha uivaji.