Jinsi ya kukagua picha za kuchongwa za waigizaji wa Uingereza, karne ya 18 na 19

Ukishika picha ya mwigizaji aliyevalia mavazi ya jukwaani, usianze na uso. Anza na maandishi madogo chini yake. Kushoto, jina lenye "pinxt." au "delt." ni la aliyepaka au kuchora picha ya awali, kulia, "sculpt." ni mchongaji wa bamba, yaani sahani ya metali iliyotumika kuchapa picha. Sheria ya hakimiliki ya 1735 ilitaka bamba libebe jina la mwenye haki na tarehe ya kutolewa, ndiyo maana utakuta "Published as the Act directs" ("imetolewa kama Sheria inavyoagiza") na mwaka.

Mwaka huo ni wa bamba, si wa karatasi uliyoshika. Hapa ndipo wanunuzi wengi huumia. Picha ya mwigizaji David Garrick akiwa Richard III, mfalme katika tamthilia ya Shakespeare, iliyochongwa na William Hogarth pamoja na Charles Grignion, ni ya 1746. Lakini mabamba ya Hogarth yaliendelea kuchapwa baada ya kifo chake, na 1822 yalitolewa tena baada ya mchongaji James Heath kuyafufua kwa kuchonga upya mistari iliyochakaa. Kwa hiyo inua karatasi mbele ya mwanga. Mistari myembamba iliyosongamana ndani ya karatasi, ikikatwa na michache iliyoachana, ni dalili ya utengenezaji wa zamani. Ukiona alama ya maji (alama ya mtengenezaji iliyo ndani ya karatasi) yenye mwaka, tuseme 1818, ubishi umekwisha: nakala hiyo haikuchapwa kabla ya hapo. Angalia pia vivuli vya mashavuni na mikunjo ya vazi. Bamba la shaba lililochoka hupoteza kwanza mistari myembamba kabisa, na sehemu hizo hubaki zimepauka.

Kisha chukua lenzi ya kukuza mara 10. Mchongo wa mistari huonyesha mistari inayonenepa na kuchongoka mwishoni. Wa nukta una vitone visivyolingana. Vitone vilivyopangwa safu kwa safu kama wavu ni uchapaji wa kutumia kamera, wa mwisho wa karne ya 19 au baadaye. Mwanga wa pembeni utaonyesha wino ulioinuka kidogo na alama ya kingo za bamba iliyobonyea kwenye karatasi. Kukosekana kwa alama hiyo si ushahidi wa ughushi, kwani wengi walikata pambizo ili wabandike picha kwenye albamu.

Picha ndogo alizotoa mchapishaji John Bell pamoja na matoleo yake ya tamthilia kuanzia miaka ya 1770 zitazamwe kwa hadhari ya pekee. Baadhi humwonyesha mwigizaji katika nafasi ambayo hakuwahi kuicheza. Linganisha na matangazo ya maonyesho ya wakati ule kabla ya kuandika kwamba fulani alicheza nafasi fulani.

Ukitaka kuiweka picha kwenye fremu au ubao, usiibandike kwa selotepu kamwe: gundi yake hupenya karatasi na kuacha doa la hudhurungi lisilotoka kirahisi. Tumia vipande viwili vya karatasi ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, ukingo wa juu tu, ili karatasi ipate nafasi ya kutanuka na kusinyaa bila kujikunja.