Ninavyomeza dawa ya homa ya ini B

Nameza entekaviri usiku, tumbo likiwa tupu: ziwe zimepita saa 2 nzima tangu nile chakula cha mwisho, na nisile tena hadi saa 2 nyingine ziishe. Chakula hupunguza dawa inayoingia mwilini. Kichupa nakiweka kando ya mswaki. Vikibaki vidonge 10, nafuata vingine.

Wiki za kwanza kichwa kiliuma na mwili ulichoka, kisha vikapita. Wanaomeza tenofoviri, dawa nyingine ya homa hii ya ini, wapimwe figo kila daktari anapopanga, maana inaweza kuzidhuru, na mifupa pia.

Nakusihi, usiache dawa kwa kuwa unajisikia mzima! Virusi huweza kuamka na kulishambulia ini vibaya. Macho yakiwa ya manjano au mkojo ukikolea rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo.