Panga safari ya Nkungwe mvua ikiwa bado inanyesha: hatua kwa hatua kutoka Kigoma

Mvua zikikolea hapa Kigoma, kuanzia Novemba mpaka Aprili, wengi wanaopenda kutembea milimani husukuma mabegi uvunguni na kusema tutaonana kiangazi. Kiangazi kikifika ndipo mbio zinaanza: hema linavuja, dagaa wamepanda bei, ruhusa kazini haijaombwa, na hifadhini hakuna aliyepiga simu. Safari ya Juni hupangwa Februari. Msimu huu nimewasaidia vijana wa mtaani kwetu Mwanga, walimu wawili na fundi simu, kujiandaa kupanda Nkungwe. Maswali yao yalikuwa mazuri, nikaona niyaweke hapa na majibu yake.

Kwa asiyeifahamu, Nkungwe ndicho kilele kirefu kuliko vyote katika Milima ya Mahale: mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 773 hivi, kwa hiyo ukiondoka ufukweni unapanda karibu mita 1,700, begi likiwa mgongoni. Mahale ni hifadhi ya taifa tangu 1985, na ndani yake hakuna barabara za magari. Unafika kwa boti, kisha unatembea. Kupanda na kushuka huchukua siku mbili hadi tatu kwa watu wengi, na lazima muongozane na askari wa hifadhi mwenye silaha.

Hatua ya 1: Tarehe

Mei milima ni ya kijani na vijito vina maji, lakini nyasi zimerefuka kupita kichwa cha mtu na umande wa asubuhi unakulowesha mpaka kiunoni. Agosti na Septemba njia ni kavu na sokwe hushuka sehemu za chini, hivyo kuwaona ni rahisi zaidi. Ila moshi wa moto wa nyika huziba mandhari na upepo wa kusini huwa umelichafua ziwa kwa muda mrefu. Mimi huchagua katikati ya Juni, na sijaona sababu ya kubadili. Mvua zimekatika, maji bado yapo njiani, na anga haijajaa moshi.

Fuatilia mwelekeo wa mvua za msimu wa Novemba hadi Aprili unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitaja kwamba mvua zitachelewa kukatika, sogeza safari wiki moja mbele. Kisha ongeza siku mbili za akiba, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Ziwa likichafuka halijui kama Jumatatu una zamu.

Hatua ya 2: Simu kwa hifadhi

Piga mapema. Uliza tozo za raia, gharama ya askari na muongoza njia, sehemu mnazoruhusiwa kupiga hema, na namna ya kulipa. Siku hizi malipo ni kwa kontroo namba, kwa hiyo usitembee na bunda la noti ukidhani utamalizana nao getini.

Kama mtapita kwa sokwe, waambie wenzako sasa hivi, siyo siku ya safari: mwenye mafua au kikohozi haendi. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu ya kifua na hufa kwayo. Barakoa inavaliwa, umbali ni mita 10, na muda wa kukaa nao ni saa moja. Kijana mmoja aliniuliza kama kikohozi kidogo tu kina shida. Kina shida. Watafiti wa Kijapani wamekuwa wakiwafuatilia sokwe hawa tangu miaka ya 1960. Mafua ya mgeni mmoja yanaweza kuangamiza kundi ambalo limejulikana kwa vizazi.

Hatua ya 3: Hema, na mvua ndiyo mkaguzi

Hapa nitakwenda polepole, maana ndipo muda mwingi hupotea, na ndiyo sababu kubwa ya kuifanya kazi hii sasa. Juni mjini haipatikani mvua ya kujaribia hema. Ukiwa Mahale unaweza kuipata, kwa sababu milima ile hujivutia mawingu na mvua yake ni nyingi kuliko ya mjini.

Wengi wetu tunanunua hema la mtumba. Kabla hujatoa hela, lifungue lote na uinuse sehemu ya ndani ya kitambaa cha juu. Kikitoa harufu ya maziwa yaliyochacha, na ukipitisha kiganja kinanata au kinabanduka magamba, ule utando unaozuia maji umeoza. Hakuna gundi itakayouponya. Rudisha, hata kama bei ni ya kutupa.

Likipita hapo, lipige uani jioni ambayo mawingu yamefunga. Usilipige chini ya mwembe: matone ya majani yatakudanganya, na tawi bichi likikatika si la mchezo. Tandaza magazeti ya zamani sakafuni mwa hema mpaka pembeni kabisa, funga zipu, kisha nenda kalale ndani ya nyumba. Nasisitiza ulale ndani. Radi za huku kwetu mnazijua, na anayejaribiwa usiku huu ni hema, siyo wewe.

Asubuhi yasome magazeti kabla hujagusa kitu. Doa moja lenye ukingo ni tone lililotoka juu. Inua macho moja kwa moja, utaona mshono unaovuja, uweke alama ya chaki papo hapo. Karatasi zikiwa na unyevu pembeni tu, maji yamepita kwenye sakafu. Na zikiwa zimelowana kidogo kila mahali sawasawa, huenda huo ni mvuke tu na hakuna panapovuja. Ndiyo maana usiku wa kwanza hema linakaa tupu: mtu akilala ndani, pumzi yake hugeuka matone darini na hutajua lipi ni lipi. Siku nyingine yenye mvua tulivu isiyo na radi, lala humo madirisha yakiwa wazi kidogo, ulinganishe.

Sasa kuziba. Vitambaa vya mahema viko vya aina mbili kubwa. Kuna vilivyopakwa poliyurethani, ambavyo mara nyingi huja na utepe wa kiwandani juu ya mishono kwa ndani, na kuna vilivyopakwa silikoni, vyepesi na vinavyoteleza sana mkononi. Kitambaa cha silikoni hakishiki gundi nyingine yoyote isipokuwa silikoni. Cha poliyurethani kinataka gundi yake. Ukikipaka silikoni haitakaa, na pale ilipopita hata gundi sahihi itakataa kushika baadaye. Usipojua unacho kipi, paka tone dogo kwenye kona iliyojificha, liache mpaka kesho, kisha likwangue kwa ukucha. Likibanduka zima, hiyo siyo gundi yake.

Kwa hema la silikoni sihangaiki kuagiza chochote Dar. Nanunua silikoni angavu ya madirisha duka la vifaa vya ujenzi, nikihakikisha ni silikoni halisi na siyo akriliki. Naichanganya na tapentaini kidogo kidogo mpaka ikubali brashi bila kudondoka. Hema liwe limevutwa vizuri, upake mishono kwa upande wa nje, brashi ikienda na kurudi ili iingie kwenye matundu ya sindano. Fanya barazani penye hewa, mbali na jiko na sigara, maana tapentaini inashika moto haraka. Unyevu wa masika usikutie hofu: silikoni hukauka kwa kutumia unyevu wa hewani, ilimradi matone yenyewe hayaigusi. Ipe siku nzima. Kabla ya kukunja, nyunyiza poda ya mtoto juu ya mishono, la sivyo utalikuta limegandamana.

Kisha rudia magazeti. Kama mvua hainyeshi, subiri inyeshe. Ndoo ya maji haitoshi, kwa sababu mvua yetu hupigwa na upepo na huingilia ubavuni. Ukipata karatasi kavu kwenye mvua kubwa, hapo hema limefaulu.

Mengine madogo. Turubai la kutandika chini liwe dogo kuliko sakafu ya hema. Likichomoza nje linakinga maji na kuyaleta chini yako. Zipu isuguliwe kwa mshumaa. Na wanaoniuliza kama turubai na chandarua vinatosha bila hema: ni vyepesi kweli, lakini kule kuna siafu, na sipendekezi.

Hatua ya 4: Mavazi na begi

Joto hushuka nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Usiku wa mjini ukiwa nyuzi 18, juu kabisa tarajia kama 8. Sweta la sufu la mtumba ni bora kuliko jaketi nene la pamba, maana pamba ikilowa haikupi joto tena. Epuka nguo nyeusi na za buluu iliyokolea. Mbung'o wanazifuata, na baadhi yao hubeba malale.

Begi likizidi sehemu ya tano ya uzito wako, umebeba vitu usivyovihitaji. Omba mizani dukani, weka begi likiwa na maji na chakula chote, soma namba. Ndani ya begi, kila kitu kikae kwenye mfuko mzito wa nailoni uliofungwa. Kitambaa cha nje hakiaminiki, hata muuzaji akiapa.

Hatua ya 5: Chakula

Maharagwe yabaki nyumbani, yanakula moto mno. Makopo vilevile. Unga wa uji, unga wa muhogo, karanga za kukaanga, mchele kidogo, na dagaa. Hapo dagaa ndiyo penye hesabu.

Wavuvi wetu huvua kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wengi hupumzika na bei hupanda, kwa hiyo nunua wakati wa giza. Zaidi ya hapo, mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Anayesubiri Juni ndipo aende Kibirizi kutafuta dagaa anajiweka pabaya. Nunua Aprili. Shida ya Aprili ni kwamba dagaa hawakauki vizuri, basi chukua mmoja umvunje: akikatika kwa mlio ni mkavu, akipinda ana maji bado. Chagua wa kwenye chanja, waliokaushwa juu ya mchanga utawatafuna na mchanga wao. Nyumbani toa vichwa, wapitishe kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo mpaka wawe wepesi mkononi, waache wapoe kabisa ndipo uwafunge kwenye chombo kisichopitisha hewa.

Mawese yabebe kwenye chombo chenye mdomo mpana. Kwa baridi ya juu huganda, na kwenye chupa nyembamba hayatoki.

Jiko langu ni la spiriti, dogo, la kopo. Ni jepesi na halina cha kuharibika. Lakini mwali wake mchana hauonekani, kwa hiyo usiongeze spiriti mpaka limepoa kabisa, na liweke juu ya jiwe au udongo mtupu. Nyasi za Juni zinangoja cheche tu.

Hatua ya 6: Mwili

Panda vilima vya Bangwe ukiwa na begi, mara mbili kwa wiki, kuanzia Machi. Utelezi wa masika unafundisha miguu kushuka, na kushuka ndiko kunakoumiza magoti. Viatu vya safari viwe hivyohivyo unavyofanyia mazoezi.

Hatua ya 7: Ziwa

Kutoka Kigoma hadi Mahale ni zaidi ya kilomita 120 za maji kuelekea kusini. Nenda mwaloni mwenyewe ukaulize, miezi miwili kabla, boti zipi zinashuka na siku zipi. Usichukue ratiba ya mtu aliyesafiri mwaka jana. Boti ya abiria ni nafuu, ila inasimama kila kijiji na inaweza kukuchukua siku nzima au zaidi. Kukodi ni ghali, labda muwe kundi la kugawana.

Kiangazi upepo hupanda kadiri jua linavyopanda. Nahodha akisema tuondoke saa kumi na moja alfajiri, uwe umefika saa kumi. Akisema leo hapana, tumia ile siku ya akiba bila kunung'unika. Angalia jaketi okozi kwa macho yako, mojamoja, kama zinatosha abiria wote, kamba zake zinafunga, na hazijafungiwa chini ya magunia. Zisipotosha, shuka. Vaa yeboyebo ndani ya boti, viatu vya safari vikae kwenye nailoni.

Safari ya kurudi ipatane kabla ya kuondoka Kigoma: siku, saa, mahali pa kuchukuliwa, na kiasi kinachobaki kulipwa. Andika namba ya nahodha na ya hifadhi kwenye karatasi mbili; moja ikae mfukoni mwako ndani ya nailoni, nyingine mwachie mtu wa nyumbani pamoja na tarehe ambayo, asipowasikia, aanze kupiga simu. Kule chini mtandao hukatika, kwa hiyo tarehe hiyo iwe siku mbili baada ya ile mnayotarajia kurudi.