Ndege za mabawa ghorofa: zijenge za kushikwa, si za kabatini

Nazungumzia ndege ndogo za plastiki za kuunganisha, za Vita Kuu ya Kwanza, zenye bawa moja juu ya jingine, za kuchezea vita mezani. Ndege ya kabatini adui yake ni vumbi. Ya kuchezea adui wake ni mikono: yako, ya mpinzani anayekula sambusa akisubiri zamu ya dadu, na ya mtoto wa jirani. Kwa hiyo kabla sijafungua gundi hujiuliza mtu ataikamata wapi, na ikianguka kitavunjika nini kwanza.

Chagua kipimo kwa meza uliyonayo; 1/72 maana yake ni ndege halisi iliyopunguzwa mara 72. Sopwith Camel halisi, ndege ya kivita ya Waingereza, ilikuwa na mabawa ya mita 8.5. Katika 1/72 inakuwa sentimita 12 hivi, katika 1/144 haifiki hata sita. Ndege nane kwenye meza ya chakula ni 1/144, hakuna ubishi. Ila kama hujawahi kugundisha bawa la juu, jifunzie kwenye 1/72.

Kazi ya kwanza ni tumbo. Mwili ukiwa bado nusu mbili, zishikanishe kwa tepu pamoja na bawa la chini, ziweke juu ya ukingo wa rula, tafuta zinapotulia. Weka alama mbele kidogo ya hapo, maana injini na bawa la juu vitavuta mbele. Kwa ndani gundisha sumaku ya hedifoni mbovu. Stendi ni antena ya redio ya kuvuta, mafundi redio wanazo tele, yenye washa ya chuma (ile pete bapa ya chini ya nati) kileleni. Washa, si sumaku ya pili, ili usihangaike na pande zinazosukumana. Ukirefusha antena, ndege imepanda. Ukiigonga na kiwiko, inaachia badala ya kung'oka tumbo.

Paka rangi kabla ya bawa la juu, kwa sababu baadaye brashi haiingii. Ndege nyingi za Waingereza juu zilikuwa kahawia iliyoelekea ukijani, chini rangi ya kitani. Pale nguzo, vijiti vinavyoshika bawa la juu na la chini, zitakapokaa pabaki plastiki tupu: gundi ya plastiki hushika kwa kuyeyusha, na juu ya rangi inaishia kuyeyusha rangi.

Sasa bawa la juu, ambako wengi hutupa boksi uvunguni. Usijaribu kusimamisha nguzo zote kwa mpigo. Laza bawa la juu chali mezani, paka gundi ya plastiki inayokauka polepole kwenye mashimo ya nguzo za nje tu, zisimamishe, subiri zianze kukaza lakini bado zikubali kusogezwa. Geuza mwili kichwa chini, ushushe juu yake, kisha uzuie pande zote kwa viberiti au vipande vya kadibodi ulivyokata kwa urefu wa nguzo. Tazama kutoka mbele, halafu kutoka juu. Ukiridhika, ondoka ukalale. Nguzo fupi za katikati huingizwa kesho yake kwa kibano, na hata zikihitaji kukatwa kidogo hakuna atakayeona.

Usinyooshe kila kitu kuwa sambamba. Camel bawa lake la juu ni bapa kabisa na la chini ndilo linalopanda kuelekea ncha. B.E.2c, ndege ya Waingereza ya viti viwili, bawa la juu limetangulia mbele ya la chini. Zingatia hayo mawili, ndege itatambulika kutoka ng'ambo ya meza hata rangi ikiwa ovyo.

Katika 1/72, nguzo za plastiki zikiwa dhaifu ninabadilisha na pini za washonaji zilizokatwa. Chuma kinataka supa gluu, na kwa unyevunyevu wetu wa pwani inakamata upesi na kuacha ukungu mweupe. Tone moja, kwa ncha ya sindano.

Kuhusu nyaya za kukazia mabawa nina msimamo: kwenye 1/144 ziache. Uzi wa milimita 0.1 hapo ni sawa na kamba ya zaidi ya sentimita moja kwenye ndege halisi. Kwenye 1/72 weka zile zinazopishana kati ya nguzo za nje, basi. Unywele mmoja wa rasta za kusukia, wa kijivu, ni mwembamba kuliko mshipi wa kuvulia, na dukani wanakupa fungu zima.

Ukitaka vita vya kwetu Afrika Mashariki, jenga B.E.2c. Mwaka 1916 Waingereza walizirusha kutoka Mbuyuni, karibu na Taveta. Mtazamaji alikaa mbele na rubani nyuma, usiwakosee viti. Hapa tishio lilikuwa bunduki za ardhini kuliko ndege za Wajerumani, kwa hiyo mchezo unakuwa wa kutafuta askari porini na kurudi mzima.

Kwa kusafirisha, pigilia misumari ya vichwa vipana kwenye ubao ulioenea chini ya boksi, vichwa vibaki juu. Kila ndege ikae kwa sumaku juu ya msumari wake, magurudumu yakining'inia na mabawa yasiguse kitu. Nafasi kati ya misumari ipime kwa ndege yako pana kuliko zote.